Ushahidi Wangu Juu ya Breki za Tuhfa

Mimi ni Idarusi bin Maulid bin Jaku. Babu yangu, Mzee Jaku, alivuka bahari kutoka Wete na magunia yake ya karafuu, akajenga Ngamiani, na haikupita miaka mitano kabla watu wa mtaa ule hawajazoea kumwita awe shahidi kila palipogawanywa mirathi au kuwekwa mpaka wa kiwanja. Inasimuliwa nyumbani kwetu kwamba kadhi mmoja alimwambia mdai aliyekuwa akinung'unika, "Jaku amekwisha kusema. Wataka nimsikilize nani tena?" Baba yangu, Maulid, alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna faili mkononi mwake lililopungukiwa ukurasa. Mimi nilimfuata katika kazi ileile. Nilisomeshwa na walimu waliokuwa wakituchapa kwa herufi iliyopinda, na nilistaafu bila kupata barua moja ya onyo. Siyasemi haya kwa kujigamba, ingawa fahari ninayo na siifichi. Nayasema ili msomaji ajue ni jina gani lililowekwa mizanini siku ile ya Jumamosi, na ni nani aliyeliweka.

Mjukuu wangu Tuhfa ni binti wa mwanangu wa kwanza. Ana miaka ishirini na saba, ni fundi wa mitambo bandarini, na anaishi nasi. Mwaka juzi alinunua Subaru ya buluu, gari dogo lenye sauti ya kukera, ambalo kila likiwashwa asubuhi glasi zilitikisika kabatini. Nilidhani hilo ndilo litakuwa jambo la mwisho la kunishtua kutoka kwake. Jioni moja alikuja barazani, akapiga goti, akasema, "Babu, shikamoo. Naomba ruhusa."

"Marahaba. Ruhusa ya kuolewa?"

Mke wangu Zuwena akacheka. Yeye humwita mjukuu wetu mke mwenziwe, kama ilivyo desturi ya utani wetu. "Sema upesi, mke mwenzangu. Mume wetu huyu moyo wake wa kizamani, hauwezi kungoja."

"Ya kukimbiza gari, Babu. Si barabarani. Kiwanjani."

Akanieleza. Upande wa Muheza, katika shamba la zamani la mkonge, kulikuwa na kiwanja cha ndege kilichoachwa. Chama cha waendesha magari kimekitia lami upya, kikachora humo njia ya mzunguko yenye kona saba. Wanaoanza hushindana kwa magari yaleyale wanayoendea kazini. Atakayemaliza mizunguko kumi bila kosa hupewa leseni ya mashindano, lakini gari likikutwa limetiwa kitu kisichoruhusiwa, aliyehusika hufungiwa miaka mitatu, awe dereva au fundi. Tuhfa alikuwa ameingoja nafasi hiyo kwa miaka miwili.

"Mwendo wake kiasi gani?" nikauliza.

"Pale kwenye mnyooko, pasipo na kona? Mia na tisini."

"Kilomita?"

"Si maili, Babu, usiogope."

Nilitafuta mahali pa kukaa, nami nilikuwa nimekaa tayari. Katika maisha yangu sijapata kupanda chombo chochote cha barabarani kilichozidi tisini, na mara ile moja nilimwambia dereva anishushe.

"Na kusimama je?" nikauliza.

Hapo macho yake yakang'aa. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Babu. Kukanyaga mafuta kila mtu anaweza. Gari hushinda kwa breki. Unakwenda mbio mpaka mwenzio anaogopa, ndipo unapokanyaga, na unakanyaga kwa imani."

Neno hilo halikunitoka usiku wala mchana. Niliwaza kwamba uhai wa mtoto wangu umefungwa katika pedeli moja ya chuma. Hata hivyo nikampa ruhusa, kwa sharti kwamba breki zikaguliwe na Godlisten, fundi wa Nguvumali, nami nikiwa nimesimama hapo. Godlisten ni Mlutheri, mjukuu wa Mpare aliyekuja kukata mkonge wakati wa Waingereza. Namfahamu tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi, na sijapata kusikia amemdanganya mtu hata kwa skrubu.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, nilikwenda kwa Maalim Luqmani nikamwomba kombe la kinga. Aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaosha maandishi yale kwa maji na mawardi, akanijazia chupa. "Anywe kabla hajatoka," akaniambia. Tuhfa aliporudi kazini alikunywa nusu yake kwa adabu, akabusu mkono wangu, akaingia ndani kuoga. Nikabaki na nusu chupa mkononi, na gari liko mbele ya nyumba, boneti yake ingali na joto.

Nitaeleza nilivyofikiri, kwa kuwa shahidi hatakiwi kueleza alichotenda peke yake. Nilifikiri kwamba mtu amekwisha kupata kinga yake, na kwamba hatari haimo katika mtu bali katika breki. Nikafungua boneti. Siyajui magari, lakini kusoma ninajua. Nyuma ya injini nikaona kikopo cheupe, na juu ya kifuniko chake maandishi madogo ya Kiingereza. Nilivaa miwani nikayasoma yote. Yalisema kwamba humo mna mafuta ya breki. Yalisema kifuniko kifutwe kabla ya kufunguliwa. Yalisema kisitiwe chochote isipokuwa mafuta ya breki kutoka chupa isiyopata kufunguliwa. Nilikifuta kifuniko kwa leso yangu, kama ilivyoagizwa. Kisha nikapima kikombe kimoja cha kahawa cha kombe, nikamimina humo.

Ndiyo, nilisoma nikamimina. Nilikuwa nimewatia adabu makarani wadogo kwa miaka mingi kwa kosa la kutofuata maelekezo yaliyoandikwa. Nilihesabu kwamba onyo lile liliwahusu watu wenye nia ya kuchafua, na nia yangu ilikuwa safi. Rangi ya zafarani na rangi ya mafuta yale zikachanganyika, isionekane tofauti. Nikafunga, nikasoma dua, nikarudi barazani moyo ukiwa baridi. Sikumwambia mtu. Sikuona kwamba mzee anahitaji kuomba kibali ili amkinge mjukuu wake.

Asubuhi ya Jumamosi tulikuwa Nguvumali, kwenye karakana ya Godlisten. Alikuwa akitoa upepo kwenye breki: Tuhfa amekaa ndani akikanyaga pedeli, naye amelala chini akifungua kinati kwenye kila tairi, mafuta yakisukumwa kutoka kwenye kikopo hadi magurudumuni. Kabla hajaanza aliinamia kikopo kile, akakunja uso.

"Tuhfa, umeongeza mafuta ya breki? Yamepanda juu ya alama."

"Sijagusa, kaka."

"Hujagusa kweli? Au umeanza ufundi wa bandarini kwenye gari langu?"

"Gari lako tangu lini? Sijagusa, nakwambia."

"Basi juzi nilijaza vibaya mwenyewe. Uzee huu." Ana miaka thelathini na minne.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Swali lilikuwa wazi na jibu nilikuwa nalo mimi, nami nikanyamaza. Zaidi ya kunyamaza, nilifurahi. Niliyatazama mafuta yale yakishuka kikoponi nikasema moyoni kwamba sasa kinga inaingia katika kila kiungo cha gari, kama ilivyoingia katika mwili wa mtoto.

Tulifika kiwanjani saa nne. Sikutegemea kuona watu wengi namna ile: familia zenye vikapu vya machungwa na vitumbua, vijana waliokaa juu ya mapaa ya magari, wauza maji, na muziki wa kupasua masikio. Pande zote mkonge umepandwa kwa mistari, na kwenye kona yamerundikwa matairi ya zamani. Mkaguzi mkuu alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Bi Devota, mwenye ovaroli safi na kalamu sikioni. Alilipima gari letu kwa macho na mikono, akatazama alama kwenye kikopo cha breki, akapiga muhuri. Nilimpenda kwa jinsi alivyoandika: polepole, bila kufuta.

Tuhfa alifungwa mikanda mabegani na kiunoni, helmeti juu ya mtandio wake. Kijana mmoja juu ya paa akapiga kelele, "Dada, breki ni ile ya katikati!"

"Na wewe usiisahau ya mdomo!" Tuhfa akamjibu, na watu wakacheka. Nami nikacheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho kwa siku nyingi.

Yaliondoka magari sita. Sina maneno ya kueleza mshtuko wa kelele ile ipitapo kifuani. Mzunguko wa kwanza Tuhfa alikuwa wa tano. Wa tatu, alikuwa wa pili. Kila alipofika mwisho wa mnyooko alichelewa kukanyaga kuliko wenzake wote, na kila mara gari lilitii, likainamisha pua, likaingia kona. Godlisten alikuwa kando yangu, saa mkononi, akinong'ona, "Safi. Safi. Zipumzishe kidogo, dada." Aliniambia kwamba breki zikitumika namna ile hupata moto mpaka diski huwa nyekundu, na kwamba barabarani mtu anaweza kuendesha mwaka mzima asizifikishe robo ya moto huo. Niliitikia kwa kichwa bila kuelewa alichoniambia. Laiti ningalielewa, hata wakati ule palikuwa na nafasi ya kupunga bendera mbio zisimamishwe.

Mzunguko wa sita alikuja kwenye mnyooko akiwa wa kwanza. Nilihesabu nguzo za kando ya njia: ile ambayo kila mara alikanyaga breki akiifikia, akaipita. Pua ya gari haikuinama.

"Kanyaga," Godlisten akasema. Kisha akapaza sauti, "Tuhfa! Kanyaga!"

Tuhfa alinieleza baadaye kwamba alikanyaga na pedeli ikaenda mpaka chini kama ametia mguu katika maji. Akakanyaga tena, ikawa vilevile. Tulisikia gia zikiteremshwa moja baada ya nyingine, injini ikilia kama inachanwa. Gari likageuka ubavu, likapasua rundo la matairi, likatoweka katika mkonge. Tuliona majani yakirushwa juu, kisha vumbi, kisha hatukuona kitu.

Muziki ulizimwa. Maelfu ya watu, na sikusikia hata mtoto akilia. Nilisimama nimeshika kamba ya uzio, na nilichokuwa nikisema kwa sauti, kama nilivyoambiwa baadaye, ni "Nilimkinga. Nilimkinga."

Alitoka mwenyewe. Waokoaji walimkuta amekwisha kufungua mikanda, mfupa wa bega umevunjika, uso umechanwa na miiba ya mkonge. Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, mkono umefungwa kwa kitambaa. Nikataka kumgusa, nikaogopa mikono yangu mwenyewe, bila kujua bado kwa nini.

Gari likavutwa hadi kwenye turubai la ukaguzi, kwa kuwa kanuni inataka lichunguzwe palepale. Bi Devota akafungua boneti. Kifuniko cha kikopo kile kilikuwa kimelegea, na mvuke ulikuwa umetoka ukaacha doa la manjano. Akainama, akanusa, akainama tena.

"Fundi ni nani hapa?"

"Mimi," Godlisten akasema.

"Njoo unuse."

Harufu hiyo niliipata kabla Godlisten hajafika. Ilikuwa mawardi. Katikati ya petroli na mpira ulioungua, harufu ya sahani ya Maalim Luqmani.

Bi Devota akatia kipimo chake kidogo mfano wa kalamu ndani ya mafuta, taa yake ikawa nyekundu. "Maji," akasema. "Mafuta ya breki yakiingia maji, yakipata moto, maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke haushiki breki. Unalijua hilo, fundi? Umetia nini humu? Manukato?"

Watu waliokuwa nyuma wakacheka, kicheko kibaya. "Fundi wa saluni!" mmoja akasema.

Godlisten alikuwa amebadilika rangi. "Mama, chupa niliyotumia ilikuwa mpya. Naapa mbele ya Mungu. Lakini asubuhi mafuta yalikuwa yamepanda. Nilikuta yamepanda." Akamgeukia Tuhfa. "Si nilikuuliza?"

Tuhfa alikuwa ameletwa hadi hapo kwa sababu alikataa kuondoka kabla ya ukaguzi. Naye alikuwa ameipata harufu. Nilimwona akiipata. Alivuta pumzi, akafumba macho, kisha akanitazama mimi. Yalikuwa ni macho ya mtu aliyekunywa nusu ya chupa ileile jana yake. Akayaondoa usoni pangu haraka.

"Ni mimi, Bi Devota," akasema. "Nilitia maji ya waipa, yale ya kuoshea kioo. Nilikosea kikopo. Fundi hana hatia."

"Maji ya waipa yenye mawardi?"

"Nilichanganya. Napenda harufu."

Msomaji, nimeona watu wakianguka mahakamani, nimesikia hukumu za kifo zikisomwa. Hakuna kilichowahi kunishtua kama uongo ule. Haukunishtua kwa ubaya wake, bali kwa jinsi ulivyotoka kwa upesi na kwa upole, kama mtu ampishaye mzee kiti. Mjukuu wa mjukuu wa Jaku alikuwa akitoa ushahidi wa uongo, amevunjika bega, na aliufanya kwa ajili ya heshima yangu. Alikuwa tayari kufungiwa miaka mitatu ili mimi nirudi Ngamiani na kofia yangu ikiwa imenyooka.

Na nikiri hili pia: kwa muda wa pumzi mbili, niliona njia hiyo ni nzuri.

Kisha Godlisten akasema kwa sauti ya chini, "Tuhfa, hukugusa. Uliniambia hukugusa," na nikamsikia kama aniambia mimi.

"Andika jina langu," nikamwambia Bi Devota. "Idarusi bin Maulid. Jana, baada ya alasiri, nilifungua kikopo hicho mbele ya nyumba yangu, nikatia kikombe kimoja cha kahawa cha kombe. Ni maji, zafarani na mawardi, yaliyoosha maandishi ya aya. Nilisoma onyo la kifuniko nikalidharau. Leo asubuhi fundi aliuliza mbele yangu nikanyamaza. Dereva hakujua. Fundi hakujua. Aliyeandika kombe aliniagiza anyweshwe mtu, wala hakuniagiza kulitia katika chuma. Kosa ni langu peke yangu."

Hakuna aliyecheka. Bi Devota alichukua kalamu sikioni, akaandika yote, akanisomea. Nikatia sahihi. Mkono wangu uliandika herufi zilizopinda, na hakuna mwalimu aliyenichapa.

"Babu," Godlisten akasema mwishowe, akijifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, "hata sisi nyumbani tungeliombea gari. Lakini tungeliacha kikopo kimefungwa." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Nilimwomba radhi mbele ya watu wote, naye akanishika mikono miwili.

Bi Devota akamgeukia Tuhfa. "Kwa breki sikufungii. Hukujua. Nakufungia miezi sita kwa kunidanganya kwenye turubai langu. Dereva anayemficha mkaguzi chanzo cha ajali ataua mtu mwingine."

Tuhfa akainamisha kichwa. Nilikubaliana na hukumu ile kwa kila neno.

Nilipomrudishia Maalim Luqmani chupa tupu na kumweleza, alisema kwamba aya hazikosei mahali, ila mimi nilizipeleka nisikoelekezwa. Zuwena hakunisema. Alikiosha kile kikombe cha kahawa, akakiweka juu kabisa kabatini, peke yake, na hakuna anayekitumia. Miezi sita itakwisha mwezi wa Rajabu, Tuhfa atarudi kiwanjani, na ruhusa yangu anayo. Nitakaa nyuma ya uzio, mikono yangu nikiwa nimeiweka mapajani.

Nanyi vijana, nisikilizeni, maana sasa nawaagiza, siwaombi. Mkikuta mafuta yamepanda juu ya alama, msijilaumu wenyewe kwa adabu. Mgeukieni kila mtu aliyesimama hapo, na mzee pia, hasa mzee, mumtazame machoni na kumwuliza, na msiondoke mpaka awajibu. Wala asitokee mmoja wenu akamsemea uongo babu yake akadhani amemheshimu. Tuhfa alifanya hivyo kwa mapenzi, na mapenzi yale yangalimpeleka mtu mwingine kwenye kona ileile na kikopo kilekile. Lishikeni hili. Nimelilipia kwa bega la mtoto wangu, wala sitalirudia.